Ukurasa wa Pili wa Mpiga Tumba

Mwaka ule wasanii walikufa kama waliopangiana zamu. Kufika mwezi wa nane walikuwa wamekwenda saba: mwigizaji wa redio aliyecheza mama mkwe kwa miaka kumi na tisa, mchoraji wa mabango ya sinema, mwimbaji mmoja wa kike ambaye mama zetu walifulia nguo kwa nyimbo zake, na wengine ambao ukiwataja vijana wanakuuliza ni akina nani. Wote saba walisomewa wasifu na mtu mmoja, mwanamke wa miaka sitini na moja mwenye magoti mabovu, ambaye kila mtu anamwita Katibu.

Ni katibu kweli, wa chama cha wasanii. Ofisi yao ni chumba kimoja ghorofa ya tatu, na lifti ya jengo lile iliwatangulia marehemu wote hao. Mimi ni fundi miwani, duka langu liko chini, pale ngazi zinapoanzia. Kila asubuhi namsikia akipanda: vidato vinne, anapumzika, vidato vinne, anapumzika. Jioni akishuka hupita kwangu, hukaa kwenye kiti cha kupimia macho hata kama macho hayana neno, na kusema, "Fundi, nipe dakika tano nisiwe katibu wa mtu." Haya ninayoyaeleza aliniambia mwenyewe kwenye kiti hicho, kwa vipande, siku tofauti. Ya mwisho sikuambiwa, niliyaona.

Ile ofisi nimeipanda mara mbili tatu kumpelekea miwani yake. Ina kabati la chuma, meza mbili ambazo moja haina mwenyewe, na mashine ya kuchapisha iliyovunjika trei, kwa hiyo karatasi inazitema sakafuni. Lakini utakachokumbuka ukitoka ni kuta. Ukuta wa mlango una picha za wanachama walio hai. Ukuta wa dirisha una waliotangulia. Mtu akifa, Katibu hupanda kwenye kiti, huishusha picha yake ukuta wa mlango na kwenda kuitundika dirishani. Utaratibu huo aliukuta. Alichoongeza yeye ni kutong'oa msumari, na sasa ule ukuta wa mlango umejaa misumari mitupu, hata mgeni akiingia hudhani ni pa kutundikia makoti.

Kazi ya kusoma wasifu alipewa kwa sababu ya sauti. Ujanani aliigiza redioni, na sauti ile haijazeeka pamoja naye. Ni nzito, haina haraka. Anaweza kukusomea orodha ya vipuri vya baiskeli ukatoa leso. Msiba wa kwanza aliosoma alikuwa na miaka thelathini na minne, akalia siku mbili. Wa pili akalia siku moja. Siku hizi, aliniambia, akipigiwa simu kwamba fulani hatunaye tena, kitu cha kwanza kumjia si huzuni. Ni ngazi. Anaziona zile ngazi za ofisini, kabati, faili, mashine, karatasi sakafuni, na yeye ameinama anaziokota.

"Si kwamba sina moyo, fundi," alisema. "Moyo upo. Umechakaa tu, kama soli."

Wasifu wenyewe ni kurasa tatu. Wa kwanza ni kuzaliwa, shule na familia. Wa pili ni sanaa yake, yaani kile hasa kilichomfanya awe yeye. Wa tatu ni ugonjwa, watoto aliowaacha, shukrani kwa waliofika. Zamani kila mmoja alimwandikia upya, akakaa na wafiwa akauliza. Baadaye, kwa wingi wa vifo na uchache wa siku, akaanza kuazima sentensi ya huyu akampa yule. Mchango wake hautasahaulika. Ameacha pengo lisilozibika. Sisi tuliokuwa tunasikiliza hatukugundua, na nadhani ndicho kilichomchosha zaidi. Mtu anachoka haraka akijua kwamba afanye vizuri afanye vibaya, watu wataitikia vilevile.

Nami sijitoi. Tuna tabia mbaya na wasanii wetu. Mtu anaumwa miaka mitatu, hakuna anayekwenda kumwona. Akifa, kabla hajapoa, kila mwenye simu amebandika picha aliyopiga naye na mshumaa chini yake. Redio zinaupiga wimbo wake mmoja tu, ule aliokuwa anauchukia. Waliomnyima kazi wanasimama kumwita hazina. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, wa mbali akaingia. Siku hizi wa mbali ndiye anaanza, na mfiwa anatafuta pa kukaa.

Sasa, mwezi huo wa nane, yule mwimbaji wa kike alifariki Jumanne, na Jumatano akafariki mpiga tumba. Tumba ni zile ngoma ndefu zinazopigwa kwa viganja nyuma ya bendi, na huyu bwana alizipiga kwenye bendi ileile miaka thelathini na mmoja, nyuma kabisa, karibu na pazia. Mwimbaji angezikwa Ijumaa, mpiga tumba Jumamosi. Alhamisi Katibu akachapa wasifu wa wote wawili kwa mkupuo. Wa mwimbaji ulitoka na wino uliochafuka, akauchapa tena. Mashine ikatema, ikatema, naye akainama na magoti yake akakusanya, akafunga kwa vibanio, akaenda nyumbani. Kurasa zake hazikuwa na namba. Miaka yote ile hazikuwahi kuwa na namba.

Ijumaa ilipita salama. Jumamosi, kwenye ukumbi wa zamani wa sinema, mbele ya watu kama mia tatu na jeneza, Katibu alisoma ukurasa wa kwanza wa mpiga tumba: alizaliwa wapi, alisoma mpaka darasa la ngapi, alimwoa nani. Akafunua.

"Sauti yake nyororo," akasoma, "iliwabembeleza wakubwa kwa wadogo. Nyimbo za mapenzi zaidi ya arobaini alizitunga mwenyewe, na kila aliposhika kipaza sauti..."

Alipofika kwenye kipaza sauti akajua. Ulikuwa mstari wa tatu. Ule ukurasa wa pili ulikuwa wa mwimbaji, ile nakala iliyochafuka, imejichanganya sakafuni. Watu wengine baadaye, wale wachache waliokuja kulisikia jambo hili, walisema ni miwani. Si miwani. Miwani ile niliitengeneza mimi na haina tatizo. Aliona, na alijua, na akaendelea.

Nilimuuliza kwa nini. Alichukua kioo changu kimoja kidogo, akakizungusha mkononi.

"Ningesimama ningesema nini? Jamani samahani, huyu siye? Nilikuwa nimesimama tangu saa mbili. Nilijua nikikatisha nitaanza kulia, na nikianza sitamwacha mmoja, nitawalilia wote saba pale pale. Nikasema, nimalize tu. Asiyekuwepo na lake halipo."

Basi akammaliza mpiga tumba kwa sauti nyororo na nyimbo arobaini, yule bwana ambaye hakuwahi kuimba hata kiitikio. Na watu wakapiga makofi. Kiongozi wa bendi, aliyesimama mbele ya zile tumba miaka yote hiyo, akamfuata akamshika mikono miwili: "Dada, leo umemtendea haki." Jumatatu Katibu akaukuta ukurasa wa pili wa kweli chini ya meza, una alama ya kiatu. Kiatu chenyewe kilikuwa chake.

Mtu mmoja tu alimwambia kitu. Alikuwa mchekeshaji, mzee wa miaka sitini na minane, tuliyemjua sote kwa jina la Kiraka kwa sababu ya ile suruali yake ya jukwaani yenye viraka kumi na saba. Misibani Kiraka alikuwa akikaa safu ya mwisho karibu na mlango. Alisema ni ili zamu yake ikifika asisumbue watu. Siku ile alimngoja Katibu nje, kofia mkononi.

"Dada," akasema, "kumbe marehemu alikuwa anaimba?"

Kiraka hakucheka. Akavaa kofia yake akaondoka, na Katibu aliniambia kwamba katika miaka ishirini na saba ya kusoma misibani, hakuna aliyewahi kumpiga kofi kama lile.

Mwezi uliofuata Kiraka akalazwa. Ini, walisema, na walisema kwa ile sauti ya chini ambayo ukiisikia hospitalini hutauliza zaidi. Katibu akaenda kumwona na fomu ya wasifu mkobani. Chama kina fomu ambayo kila mwanachama huijaza angali mzima, maana familia nyingi hazijui baba alicheza mchezo gani mwaka gani. Wote wameijaza isipokuwa Kiraka. Kila mwaka alimjibu lilelile: nikijaza nimeitika.

Wodi ilikuwa na vitanda kumi, na chake kilikuwa cha mwisho.

"Wamenihamishia dirishani, dada," alimwambia hata kabla ya salamu. "Umewaagiza wewe?"

"Acha mambo yako, kaka. Unaendeleaje?"

"Naendelea, ndilo tatizo. Umeleta fomu?"

Katibu akaitoa kwa aibu. Kiraka akaishika, akaisoma nyuma na mbele kama mtu anayesoma karatasi ya dawa, akamrudishia.

"Niandike nini? Wewe hata nikijaza utasoma chochote kitakachokuwa mkononi."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa anasikiliza waziwazi. Katibu akavuta kiti karibu. Akasema kwa sauti ndogo kwamba alijua. Kwamba aliona mstari wa tatu. Hakuwa amemwambia mtu.

"Najua kwamba uliona," Kiraka akasema. "Mimi ni mtu wa jukwaani. Mtu akisahau maneno namjua kwa mabega. Ukurasa wake wa kweli uko wapi?"

"Kwenye mkoba."

"Huo hapo? Umeubeba mwezi mzima?"

"Mwezi na siku nne."

"Ndiyo maana magoti yanauma." Akajiweka sawa kwenye mto, ikamchukua muda. "Sikiliza, dada. Nina sharti moja. Usinisome mimi kabla hujamsoma yule. Nenda kwa mkewe, kaa naye, umsomee mumewe. Hata kama ni ninyi wawili na kuku. Ukimaliza ndipo uje kwangu. La sivyo nitainuka pale mbele za watu, na unanijua, sina haya."

Katibu akacheka. Halafu akalia, na yule jirani asiyekuwa na aibu ya kusikiliza akanyoosha mkono akampa kitambaa.

"Na jingine," Kiraka akasema. "Usiseme nimeacha pengo. Kila anayekufa anaacha pengo. Nchi hii imebakiwa na jino kweli?"

"Niseme nini basi?"

Hapo Kiraka akafumba macho mpaka Katibu akadhani amesinzia. Kisha akasema, na hakuwa anachekesha: "Sema nilikuwa naogopa. Miaka arobaini nimewachekesha watu juu ya kifo, nikalala kwenye majeneza ya mbao laini, nikapiga chafya humo ndani, wakaanguka kwa kucheka. Wanadhani mimi na kifo ni marafiki. Naogopa, dada. Nikiwa peke yangu hapa naogopa kama mtoto. Uwaambie, ili mwingine anayeogopa asijione mjinga."

Katibu akaahidi yote mawili. Akashuka, akarudi mjini kwa miguu, na asubuhi yake hakwenda kwa mjane wa mpiga tumba.

Hakwenda na wiki iliyofuata. Nilimwona Jumamosi moja amevaa vizuri, mkoba begani, akaniambia, "Leo naenda, fundi." Baada ya saa moja huyo, amerudi. Alifika mpaka mlangoni, akasikia cherehani inalia ndani, maana mjane yule ni fundi nguo, anashona sare za shule. Akajiambia mtu yuko kazini, si vizuri kumkatisha. Jumamosi nyingine mvua ilikuwa inataka kunyesha. Nyingine goti. Sikumsema. Ninao wateja wanaoona nyumba ya mdai wao wakavuka barabara, na huyu deni lake lilikuwa zito kuliko yote niliyowahi kuyasikia. Kumwomba mtu radhi kwa kumkanyaga mguu ni rahisi. Utamwombaje radhi kwa kumzika mumewe na maneno ya mtu mwingine?

Kiraka alifariki Jumanne moja ya mwezi wa kumi, saa nane mchana, wakati wa kutazama wagonjwa. Simu ilipokuja Katibu alikuwa ofisini. Alipanda kwenye kiti, akaishika picha yake, Kiraka na ile suruali, akashindwa kuishusha. Akateremka. Alipofika kwangu hakukaa.

"Mazishi Alhamisi saa nne," akasema. "Na mimi bado sijakwenda."

Jumatano aliandika. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi hakuazima sentensi ya mtu. Alhamisi saa moja asubuhi, amevaa nguo nyeusi, kurasa tatu za Kiraka na ule mmoja wa mpiga tumba mkobani, alibisha hodi kwa mjane. Cherehani ikanyamaza.

Mjane alikuwa mwanamke mwembamba, utepe wa kupimia shingoni, pini mbili mdomoni. Alizitoa pini akazichoma kwenye kola yake.

"Karibu, Katibu," akasema, kama aliyekuwa amemngoja tangu jana.

Chumba kilikuwa cha mbele, kidogo, kimejaa sketi za buluu zilizokatwa bila kushonwa. Tumba mbili zilikuwa pembeni. Juu ya moja palikuwa na pasi, juu ya nyingine mabunda ya nyuzi. Katibu akaonyeshwa kiti, akakaa kwenye ukingo wake. Alikuwa ameandaa hotuba njiani. Ikapotea yote.

"Dada yangu," akasema, "siku ile ya bwana, nilisoma—"

"Ulisoma mtu mwingine."

Katibu akaushika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Nilikuwa nimekaa hatua nne kutoka kwako," mjane akasema. Hakuwa na hasira. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulipiga pasi jambo hilo mpaka likanyooka. "Sauti nyororo. Mume wangu! Alikuwa akiita mtoto wa jirani, mtoto anakimbia. Nikasema, kakosea, atasema sasa hivi. Ukaendelea."

"Niliona, dada. Niliona kabisa. Nikaendelea."

"Najua. Lakini wewe hukuniumiza sana kama hao wengine. Bendi nzima ilikuwa pale. Nikawa nawatazama mmoja mmoja. Nikasema, atasimama hata mmoja aseme, hapana, huyu hakuwa anaimba, huyu alikuwa mtu wa tumba. Miaka thelathini na mmoja. Wakapiga makofi." Alivuta uzi uliokuwa umening'inia kwenye sketi, akaukata kwa meno. "Ndipo nikajua kwamba hata alipokuwa hai hawakuwa wanamsikia."

Katibu alikuwa analia, na hakuwa na nguvu ya kuficha. Mjane akamwacha alie. Hakumwambia nyamaza, wala hakumwambia si neno.

"Alikuja mmoja tu," mjane akasema baadaye. "Huyu mnayemzika leo. Alikuja jioni ile ile ya mazishi, akakaa hapo ulipokaa. Akaniambia, shemeji, Katibu atakuja. Nikamwambia, na asipokuja? Akafikiri kidogo. Akasema, basi itabidi nife, maana nikifa atakuja tu."

Nilipoelezwa hayo mimi nilikuwa nasafisha kioo cha mteja, na nilikiweka chini.

Katibu akafungua mkoba. Ukurasa ulikuwa na mikunjo ya miezi miwili, na ile alama ya kiatu bado ilionekana. Akasimama, kwa sababu hakuwahi kusoma wasifu ameketi, akavaa miwani.

"Marehemu alikuwa gwiji wa midundo," akaanza, "ambaye mchango wake katika muziki—"

"Hakuwa gwiji," mjane akasema. "Futa hiyo."

Katibu akatafuta kalamu. Akafuta.

"Alikuwa anawahi. Andika hivyo. Kila onyesho alikuwa wa kwanza kufika, anazikaza ngoma peke yake, maana akichelewa yeye wote wanaanza vibaya na hakuna anayejua kwa nini. Ulimi wangu ukichoka nitanyamaza, wewe andika. Vidole viwili vya kushoto vilikufa ganzi mwaka wa kumi na nane wa bendi, hakumwambia mtu, alijifunza upya kwa vitatu. Nyumbani hakupiga hata meza. Nilikuwa namwambia, nipigie basi na mimi kidogo, anasema mikono imechoka, mke wangu. Sikumsikia akipiga isipokuwa nikilipa kiingilio kama watu wote."

Hapo mjane alicheka kidogo, na Katibu akaandika hilo pia. Waliandika mpaka nyuma ya karatasi ikajaa. Kisha Katibu akausoma wote, kuanzia juu, kwa sauti ile ile ya ukumbini, ndani ya chumba cha sketi za buluu. Mjane aliondoa pasi juu ya tumba, akakaa karibu nayo, kiganja juu ya ngozi yake, akasikiliza mumewe akisomwa. Hapakuwa na makofi. Katibu alipomaliza, mjane aliondoa kiganja chake juu ya tumba.

"Sasa amekwenda," akasema. "Saa ngapi?"

"Saa tatu na dakika kumi."

"Tutachelewa. Lete hizo za mwenzetu nizione."

Katibu akampa kurasa za Kiraka. Mjane akazigeuza, akaguna.

"Hazina namba?"

"Hatujawahi kuweka."

Mjane akanyanyuka, akachukua chaki yake ya kuchorea vitambaa, na kwenye kona ya kila ukurasa akaandika kwa mkono wa fundi, kubwa na nyeupe: moja, mbili, tatu. Akapekua juu ya kabati akapata kofia nyeusi, akafunga mlango, wakaondoka.

Mimi nilikuwa ukumbini tayari, safu ya nne. Duka nilifunga. Palijaa kuliko siku zote, maana Kiraka alichekesha hata wasiojua wanachekea nini, na simu zilikuwa juu kila upande. Katika safu ya mwisho karibu na mlango watu walikuwa wameacha kiti kimoja wazi, bila mtu kuagiza. Katibu alipanda vidato vitatu vya jukwaa, akapumzika kwenye cha pili. Alionekana amechoka kama nilivyozoea kumwona, si zaidi wala si pungufu. Alisimama mbele ya kipaza sauti, akavaa miwani yangu, akafungua mkoba.

Kabla hajaanza, mwanamke mmoja mwembamba aliyekuwa amekaa mbele aliinuka. Alivuka zile hatua nne bila haraka, utepe wa kupimia bado uko shingoni, ameusahau. Akanyoosha mkono. Katibu akampa zile karatasi mbele ya watu wote wale, na ukumbi ukanyamaza kwa kutoelewa. Mwanamke akatazama ya kwanza. Akatazama ya pili, hii akaisoma kwa muda. Akatazama ya tatu. Akazipanga, akazigonga ukingoni mwa meza zikae sawa, akazirudisha.

"Ndiye mwenyewe," akasema. "Soma."

Katibu akavuta pumzi.

"Ndugu yetu huyu alikuwa anaogopa kufa," akasoma, "na ameniagiza niwaambie."